Jembe Lilikuwa Moja

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Tulimpa.
Jembe lilikuwa moja.

Nasema mwenyewe, Jahanara wa Ukhia,
mke wa Lokman mkwangua chumvi,
nisije nikasemewa na wenye kalamu.

Walipovuka mto Naf mwaka ule wa mvua,
tope hadi kiunoni,
niliutwanga mpunga wa mbegu nikaupika wote.
Nikashusha pazia la mlango
nikamfungia mama mmoja mtoto mgongoni.
Hakuna aliyenituma. Bango halikuwapo bado,
wala fulana zenye nembo kifuani.
Uani kwangu walilala watu kumi na tisa
na mbuzi.

Kisha mlima ukanyolewa.
Ilikwenda miti, vikaenda vichaka,
mwisho watu wakachimba mizizi,
nami nikiwa mmojawao, na panga langu.
Bomba la kisima likakohoa mchanga.
Na Haji Mofiz, tajiri wa majaruba ya chumvi,
akavumbua hesabu yake:
kazi ya taka mia tano kutwa
yuko mtu nyuma ya uzio ataifanya kwa mia mbili,
na asiye na karatasi hapigi kelele.

Lokman alirudi saa nne asubuhi, mikono mikavu.
"Wametuharibia."
"Nani?"
Akaonyesha kambi kwa kidevu.
Kidevu hicho sijakiona kikigeukia
nyumba ya Haji Mofiz,
ambayo mwaka huohuo iliota ghorofa.

Malori hupita mlangoni kwangu.
Hupita tu; fungu langu ni vumbi.
Mchele, dengu na mafuta hupanda kilimani.
Mimi ni raia, nina kitambulisho chenye picha.
Nimekigeuza huku na huku:
hakipikiki.
Alikuja kijana na kishikwambi, viatu visafi,
"Mama, kaya yako hula milo mingapi kwa siku?"
Nikamuuliza, nikutajie ya kweli
au ya heshima?
Akabonyeza kitu. Sijui alibonyeza nini.

Basi Jumatano moja nilijifunika uso
nikapanga foleni pamoja nao.
Ndiyo, mimi. Kwenye ardhi ya babu yangu
nilijifanya mkimbizi ili nipate dengu.
Mlinzi akanisimamisha.
"Wewe wa safu gani?"
Ulimi ukagandamana na kaakaa.
Nyuma yangu sauti ikasema:
"Huyo? Dada yangu huyo. Kadi yake iliingia maji."

Senuara. Mmoja wa wale kumi na tisa.
Lugha yake na yangu zilinyonya ziwa moja,
na mlinzi ni mtu wa Dhaka,
masikio yake hayakuona tofauti.
Akatusukuma pembeni, kwenye dirisha la malalamiko,
dirisha ambalo halijafunguliwa
tangu lipakwe rangi.

Alichukua chake, tukatoka.
Nyuma ya choo cha mabati
akanipimia dengu kopo mbili, akazisawazisha kwa kidole.
Nikasema, Mungu akulipe.
"Mungu baadaye," akasema. "Taka arobaini.
Mtoto hajaonja samaki tangu mfungo."

Nilijua reki ya Lokman sasa iko mikononi mwa nani:
ni mumewe.
Naye alijua kwamba najua.
"Haji hajamlipa," akasema, kama anayeongea na kopo.
"Mwezi wa pili huu."

Tukavutana bei, wanawake wawili
tusio na hata shilingi ya kuvutania.
Ishirini na tano. Thelathini na tano.
Alinikazia macho, nami nikamkazia yangu;
tukakata thelathini.

Mtoto alikuwa amesimama katikati yetu, anajikuna paja,
amevaa kaptula ya maua ya buluu
iliyoshonwa kwa mkono, mshono mnene.
Nikalijua pazia langu.

Sikusema kitu. Nilikunja dengu kwenye ncha ya nguo
nikateremka nyumbani
kwenye mlango ambao hadi leo
unaonekana ndani.